Usikimbilie kukokotoa umri wa mabaki ya supanova

Ukianza kusoma mabaki ya nyota zilizolipuka, utataka kwanza kujua umri wake. Hesabu inayokuja haraka ni kuchukua nusu kipenyo na kuigawa kwa kasi ya kutanuka. Ifanye, ila usiiamini mpaka ujue mabaki yako yamefikia hatua gani.

Mwanzoni vifusi huruka maelfu ya kilomita kwa sekunde bila kizuizi cha maana, na hesabu hiyo hukaribia ukweli. Baadaye huwa vimekumba gesi nyingi ya angani, yenye masi kubwa kuliko vyenyewe, na mwendo hupungua. Katika hatua hiyo umri halisi ni kama asilimia 40 tu ya jibu ulilopata kwa kugawa. Yaani umekizeesha kitu zaidi ya mara mbili!

Sasa angalia Nebula ya Kaa, ambayo mimi humpa kila anayeanza. Wanajimu wa China waliuona mlipuko wake mwaka 1054. Linganisha picha za miaka iliyoachana sana, pima jinsi nyuzi zake za gesi zilivyosogea, kisha zirudishe nyuma kwa kasi hiyo hiyo: zitakutana katikati kwenye karne ya 12, baada ya mlipuko wenyewe. Vipimo viko sawa. Kilichopo ni pulsa, yaani kiini kilichosongamana cha nyota iliyolipuka, inayozunguka takriban mara 30 kwa sekunde, na upepo wake wa chembe umekuwa ukizisukuma nyuzi ziongeze kasi. Hapa hesabu ile ile inakupa umri mdogo kuliko ule wa kweli.

Mabaki yaliyozeeka, kama Kitanzi cha Cygnus, hujitambulisha kwa nyuzi nyembamba zinazong'aa, kwa sababu gesi iliyopigwa na wimbi la mshtuko la mlipuko imeanza kupoa na kupoteza nishati kama nuru. Kwa hiyo usitegemee picha ya aina moja: gesi ya mamilioni ya digrii inaonekana kwa eksirei, na iliyopoa kwa nuru ya kawaida.

Ukitaka kuona mabadiliko yenyewe, chukua SN 1987A, supanova iliyoonekana mwaka 1987. Wimbi lake la mshtuko lilianza kugonga pete ya gesi inayoizunguka miaka ya 1990, na madoa angavu yakajitokeza moja baada ya jingine mpaka yakaizunguka pete yote. Picha za darubini ya Hubble ziko wazi kwa umma. Zipange kwa miaka, upime mwenyewe.