Kabla Hujaomba Kusoma Dini Uholanzi, Jua Nyumba Iligawanywa Lini

Alhamisi usiku nilipata ujumbe wa kijana wa Mombasa. "Assalaam alaykum dada. Nimemaliza shahada ya kwanza, nataka kuomba uzamili wa taaluma ya dini Uholanzi, lakini wazee nyumbani wanasema nitarudi sina dini. Wewe ulipitaje?"

Miezi miwili imepita tangu nitetee tasnifu yangu ya uzamivu huko huko, na maswali ya namna hii yananijia kila wiki. Basi nawajibu nyote, maana najua wengi wenu mnataka kufika nilikofika.

Nimezaliwa Tanga. Baba alikuwa na chuo cha Qur'ani uani kwetu, na mama alisoma Barzanji, kisomo cha maulidi ya Mtume, kila penye shughuli ya wanawake. Nilizijua kasida zake kwa moyo kabla sijajua kuandika jina langu. Kwa hiyo nilipoandika andiko langu la kwanza la kuombea ufadhili wa utafiti, kuhusu maulidi ya wanawake, niliamini hakuna wa kunizidi. Nilijaza kurasa kumi na mbili nikithibitisha kwamba maulidi si bidaa: aya, hadithi, kauli za masheikh, kila kitu mahali pake. Andiko likarudi na mstari mmoja chini: haya ni mawaidha, si utafiti.

Mstari ule bado unaniuma. Aliyeuandika hakunieleza nimekosea wapi. Ufadhili ulikwenda na mstari huo, nikarudi kufundisha sekondari miaka miwili huku nikibadilisha njia kila nilipomwona mtu aliyewahi kuniombea dua ya safari.

Nilipojaribu tena nilianzia pengine kabisa, nikasoma historia ya fani yenyewe, yaani hiyo taaluma ya dini. Huu ndio ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia: soma historia ya fani kabla hujaandika neno lako.

Mwaka 1876 Uholanzi ilipitisha sheria ya elimu ya juu, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kabla ya hapo vitivo vya theolojia vya vyuo vikuu vya serikali, yaani Leiden, Utrecht na Groningen, kazi yao kubwa ilikuwa kulea wachungaji wa Kanisa la Reformed, kanisa kubwa la Kiprotestanti la nchi hiyo. Waliberali walitaka serikali isiegemee kanisa lolote, na rasimu ya sheria ilikusudia kuondoa theolojia na kuweka sayansi ya dini mahali pake, yaani kuzichunguza dini bila kutetea yoyote. Wengine bungeni wakapinga. Yakapatikana maafikiano ya ajabu: jina la theolojia libaki mlangoni, lakini ndani nyumba igawanywe. Maprofesa wa serikali wafundishe historia ya dini, falsafa ya dini na maandiko. Mafundisho ya imani na kazi ya uchungaji yafundishwe na maprofesa wanaoteuliwa na kanisa. Mpango huo waliuita kwa Kilatini duplex ordo, yaani utaratibu wa pande mbili.

Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kuvuta pumzi. Kosa langu nililiona wazi. Nilikuwa nimebisha hodi kwa wanahistoria nikiwa na hoja za mimbari. Hoja zenyewe zilikuwa sawa, nami sijaziacha mpaka leo, ila chumba hakikuwa chake.

Msidhani waliojenga fani hii walikuwa watu wasio na dini. Cornelis Petrus Tiele, aliyepewa kiti cha historia ya dini Leiden mwaka 1877, alikuwa mchungaji wa Waremonstranti, kikundi kidogo cha Waprotestanti. Alihudumu Rotterdam kuanzia 1856 hadi 1873, na humo humo, katikati ya ibada na mazishi ya waumini wake, alijifunza lugha ya Avesta, kitabu kitakatifu cha dini ya kale ya Uajemi. Mwaka 1864 akatoa kitabu kuhusu dini hiyo, ya nabii Zarathustra. Mnaolalamika kwamba kazi haiwapi nafasi ya kusoma, mtazameni mtu huyu. Miaka ya 1890 aliitwa Edinburgh, Uskoti, kutoa mihadhara ya Gifford, mihadhara mashuhuri ya vyuo vikuu vya huko, juu ya sayansi ya dini. Mwenzake wa Amsterdam, Chantepie de la Saussaye, alianza kufundisha mwaka 1878, na kuanzia 1887 akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha kiada cha historia ya dini ambamo neno fenomenolojia lilipewa kazi mpya: kupanga matendo ya dini, kama sala, kafara na sikukuu, ili yalinganishwe.

Aliyenifungua macho zaidi lakini ni mgeni kama mimi. William Brede Kristensen alitoka Norwei, akarithi kiti cha Tiele mwaka 1901 na kukikalia hadi 1937. Yeye alishikilia kwamba ukitaka kuelewa dini ya watu, kipimo ni jinsi waumini wenyewe wanavyoielewa. Ukielewa kitu ambacho wao hawakitambui, hujaelewa dini yao. Niliposoma hivyo nilimkumbuka mama na Barzanji yake. Nikaacha kuuliza kama maulidi ni halali, nikauliza mama anaona nini anaposimama wakati wa kiyamu, pale maulidi yanapofikia kuzaliwa kwa Mtume. Hilo moja ndilo lililonipa ufadhili wa pili.

Mwanafunzi wa Kristensen, Gerardus van der Leeuw, naye mchungaji, alipata uprofesa Groningen mwaka 1918 akiwa na miaka 28. Alifundisha kusitisha hukumu, kuiweka imani yako kando kwa muda ili uone cha mwenzako. Kwa muda, jamani. Hakusema uitupe. Mwaka 1950 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Amsterdam wakaunda chama cha kimataifa cha historia ya dini, wakamfanya rais wa kwanza. Alifariki Novemba mwaka huo huo.

Sasa nije kwenye jeraha, maana sitaki mwende mkiwa mmefumba macho. Waholanzi hawakujifunza Uislamu kwa mapenzi tu. Walitawala mamilioni ya Waislamu katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Christiaan Snouck Hurgronje aliingia Makka mwaka 1885 kwa jina la Abd al-Ghaffar, akaishi na watu miezi kadhaa, akapiga picha, akaandika juzuu mbili zinazosomwa hadi leo. Baadaye alikuwa mshauri wa serikali ya kikoloni katika vita vya kuiteka Aceh, usultani wa Kiislamu kisiwani Sumatra, kisha mwaka 1906 akawa profesa Leiden. Nilipokwenda kuhoji wanawake Pangani, mama mmoja mtu mzima aliniuliza, "Mwanangu, haya unayoandika anakwenda kusoma nani?" Hakujua habari za Snouck, lakini swali lake ndilo hilo hilo. Nilimweleza kila kitu, jina la chuo, nani anatoa pesa, na nikaahidi kumsomea sura yake kabla haijachapwa. Nilirudi nikamsomea. Yeyote kati yenu atakayeingia nyumba za watu bila kusema ametumwa na nani, asiseme alishauriwa na mimi.

Na msiende mkidhani Kiswahili ni kigeni kule. Mwaka 1958 Jan Knappert alipata udaktari wake Leiden kwa kuchambua Utenzi wa Herekali, ule wa vita vya Tabuki uliotungwa Pate. Lugha yetu ilikaa kwenye meza zile kabla hata baba hajafungua chuo chake. Nendeni nayo kifua mbele, na muongeze Kijerumani na Kiarabu.

Miaka minne ya katikati naiacha, ilikuwa ya kusikiliza kaseti za mahojiano na kuvumilia baridi. Siku ya utetezi nilijibu maswali mpaka mshika fimbo wa chuo alipoingia, akagonga sakafu na kutamka "Hora est", saa imetimia. Nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu mama.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mombasa: nilikwenda nikisali, nimerudi nasali. Wazee wako waambie hivyo, na uwaheshimu hata wakikataa kuamini. Ami yangu bado hajanipongeza, nami kila Ijumaa nakwenda kumsalimia. Wewe soma historia ya fani kwanza. Halafu andika kurasa mbili, si kumi na mbili, ukieleza watu unaotaka kuwasikiliza ni akina nani na utawauliza nini. Nitumie kabla ya Ramadhani, nitazisoma zote mbili.