Chai kali, mbwa mkali na Kiingereza cha kukariri

Maswali yenu yamejaa simu yangu, na nusu yake ni yaleyale. Kwa wale mnaouliza kwa mara ya nne kama "advice" huongezewa "s" ikiwa ushauri ni mwingi: haiongezewi. Wala "information", "equipment" na "luggage" hazijaanza kuongezewa tangu mlipouliza mwezi uliopita. Tuendelee na yaliyobaki.

*Shikamoo Mwalimu. Naomba kanuni ya "make" na "do". Naandika "do a mistake" nakatwa maksi kila mara. – Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mbalizi*

Marahaba, mwanangu. Kanuni utakayopewa tuisheni ni hii: "make" ni kwa kitu kinachotokea kikaonekana, "do" ni kwa shughuli. Ni kanuni nzuri mpaka Igawa, kisha gari linaharibika. Keki ni "make a cake", kazi ya nyumbani aliyotoa mwalimu ni "do homework", hapo tuko pamoja. Biashara unai-"do", lakini faida inayotoka humo unai-"make". Bado inashikashika. Halafu unakutana na "make the bed", na hakuna seremala hapo, mtu ametandika shuka tu. Unakutana na "do the dishes", kumbe ni kuosha vyombo. Kanuni imekufa, tuizike.

Lakini usikimbilie kuwalaumu Waingereza. Hebu mweleze mgeni anayejifunza Kiswahili kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga picha, tunapiga hodi, tunapiga magoti na tunapiga chafya, na katika hayo yote hakuna hata mmoja aliyeumia. Mwingereza simu ana-"make", picha ana-"take", kura ana-"cast". Mswaki kwake ni "brush" na chafya ni "sneeze", basi. Mgeni aliyekariri kwamba piga ni "beat" atahangaika na lugha yetu mpaka azeeke. Na wewe uliyekariri kwamba fanya ni "do" uko naye benchi moja.

Angalia hiyo fanya yako inavyotawanyika. Kufanya mtihani ni "take an exam" au "sit an exam". Kufanya sherehe ni "have a party", au hata "throw a party" ingawa hakuna kinachorushwa. Kufanya uchaguzi ni "hold an election". Kufanya utafiti ni "do research" au "carry out research", na ninyi wa vyuo mnaoandika "make a research" nitarudi kwenu siku nyingine nikiwa na nguvu. Kosa ni "make a mistake". Kwa hiyo usiandike daftarini "mistake: kosa". Andika maneno yote matatu, kama unavyoandika jina la mtu na la baba yake.

*Je, ni sahihi kusema "let us discuss about the budget"? – Mhasibu, Mafinga*

Si sahihi. Ondoa "about". Na ukiondoa hiyo, ondoa pia "for" kwenye "requesting for", "on" kwenye "emphasize on", "of" kwenye "despite of", na "up" kwenye "cope up with".

*Mwalimu, ndaga. Nauza chai na maandazi karibu na stendi ya Tukuyu. Wazungu wanaopita kwenda Matema huniomba chai kali. Nimechora kibao "HARD TEA" na kijana mmoja akacheka. Kosa liko wapi? – Mama Ntilie, Tukuyu*

Mama, huyo kijana aliyecheka angekuandikia kibao kingine ningemwona wa maana. Chai yako ni "strong tea". Ile ya rangi, isiyo na maziwa, ni "black tea". Wao wameona weusi, sisi tumeona rangi tu bila kusema ipi, na Wachina chai hiyohiyo wanaiita nyekundu. Majani ni yaleyale yanayochumwa Rungwe na Mufindi.

Tatizo lako ni neno "kali", na si lako peke yako, maana nimelikuta mpaka kwenye ripoti za watu wenye shahada. Sisi tuna kali moja inayofanya kazi zote. Kiingereza kimemwajiri mtu tofauti kwa kila kazi. Kisu kikali ni "sharp". Mwalimu mkali ni "strict". Upepo mkali ni "strong wind", lakini mvua kubwa si "big rain" wala "strong rain", ni "heavy rain". Jua kali ni "hot sun". Baridi kali, ile ya Makete na Kitulo mwezi wa saba majani yakiamka na barafu, ni "bitter cold", yaani kwao baridi ina uchungu kama shubiri. Pilipili kali ni "hot", na hapo uwe mwangalifu, kwa sababu chai ya moto nayo ni "hot". Mzungu akikuuliza kama maharage yako ni "hot", anaweza kuwa anaogopa pilipili wakati wewe unamhakikishia kwamba yametoka jikoni sasa hivi. Mwambie "spicy" kama umeweka pilipili.

Mbwa mkali ni "fierce dog", lakini Mwingereza haandiki hivyo getini. Huandika "Beware of the dog", yaani jihadhari na mbwa, na ukali wa mbwa utaujua mwenyewe. Ninapopita mitaa ya Forest na kusoma "DOG HARD" kwenye geti la milioni kadhaa, huwa najiuliza kwa nini hawakuandika tu "Mbwa mkali". Mwizi wa Mbeya anasoma Kiswahili vizuri sana.

*Kamwene Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii Ruaha. Kila kundi la wanyama lina jina lake kwa Kiingereza? Mgeni alinisahihisha niliposema "a group of lions". – Iringa*

Kamwene. "A group of lions" si dhambi, na mgeni wako alikuwa anajionyesha. Ila kwa kazi yako yajue haya: simba ni "a pride", tembo na nyati ni "a herd", mbwa mwitu ni "a pack", nyani ni "a troop", kanga ni "a flock". Hayo yanatosha kukulinda siku nzima mbugani.

Yale mengine mnayotumiana kwenye simu, sijui twiga ni "a tower", kifaru ni "a crash", pundamilia ni "a dazzle", ni mapambo. Mengi ya aina hiyo yana asili kwenye orodha za mabwana wa Uingereza wa karne ya 15 waliopenda uwindaji na kujionyesha, na mengine yamebuniwa baadaye kwa mtindo huohuo. Twiga waite "a herd" na hakuna atakayekunyima bakshishi. Nasi tunayo ya kwetu: bumba la nyuki, genge la wezi, chane ya ndizi, mkungu wa ndizi. Mgeni akisema "genge la ndizi" utamwelewa, lakini utacheka.

*Ni wakala wa forodha Tunduma. Nilimwandikia mteja wa Nakonde "please borrow me 500 kwacha". Bosi alinifokea. Lakini Wazambia wenyewe husema hivyohivyo! – Tunduma*

Ni kweli husema, na Watanzania husema, na ukivuka mipaka mingine utawakuta wanasema. Sababu ni kwamba lugha zetu nyingi zina neno moja kwa pande zote mbili. Kwa Kiswahili naazima kalamu kwako, nawe unaniazima kalamu, mlango mmoja unaofunguka ndani na nje. Kiingereza cha vitabuni kina milango miwili: anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow".

Kwa hiyo mkiwa wawili mpakani mnaelewana, endeleeni, lugha ni yenu pia. Lakini kwenye barua yenye muhuri andika "lend me". Siku mkigombana mkafika kwa hakimu, hutaki kesi ianze kwa kubishana nani alikuwa anamdai nani. Na kwa kuwa umeniambia mambo ya fedha bila kuulizwa: kumkopa mteja ambaye mzigo wake bado uko foleni si biashara, ni kuomba sadaka.

*"Open the radio" ni kosa? – Kondakta, Makambako*

Ni kosa. "Turn on". Na abiria wanaposema "turn down" wanaomba upunguze sauti, usijifanye hujaelewa.

*Nina usaili wiki mbili zijazo. Naomba orodha ya maneno mazito ya Kiingereza ya kuwashtua wasaili. – Mhitimu, Iringa mjini*

Sitoi. Nimewahi kukaa kwenye meza ya wasaili, na barua niliyoikumbuka mpaka leo ilisema mwombaji ana "gigantic experience". Kamusi yake haikumdanganya, maana "gigantic" ni kubwa kweli. Ila ukubwa huo ni wa jengo, wa jiwe, wa mnyama. Uzoefu unakuwa "wide" au "extensive", na "a lot of experience" ingemtosha kabisa. Tulicheka, nasikitika kusema, na aliyefuata aliyesema maneno mepesi yaliyokaa mahali pake ndiye aliyepata.

Maneno yanayomwaibisha Mtanzania kwenye usaili si mazito. Ni "get", "take", "have", "make", "give", haya ambayo kila mtu anadhani aliyamaliza darasa la tano. Peke yake "take" haina maana ya kutosha kujaza kijiko. Ikikaa na "place" ni kutokea, na "part" ni kushiriki, na "care of" ni kutunza, na "after" ni kufanana na mzazi. Wiki mbili zako zitumie kwa hayo. Jifunze "meet a deadline", "apply for a post", "responsible for", "fluent in Swahili", uyaseme kwa mkupuo mmoja kama jina la kijiji chenu.

*Ninunue kamusi gani? Na je, "night and day" ni kosa? – Mwalimu wa sekondari, Kyela*

Mwalimu mwenzangu, nunua yoyote ya wanafunzi inayotoa sentensi za mfano, na ukiweza ile maalumu ya maneno yanayoandamana, ambayo wataalamu huyaita kolokesheni. Shida hii si ya Mwafrika. Harold Palmer, Mwingereza aliyefanya kazi ya kufundisha Kiingereza Japani, alitoa mwaka 1933 ripoti nzima ya maneno ya namna hii, kwa sababu Wajapani walikuwa wakitumbukia kwenye shimo letu hilihili. Miaka ya 1980 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham walikusanya maandishi na mazungumzo ya kweli ndani ya kompyuta, wakatazama neno lipi hukaa na lipi, na kamusi iliyotokana nayo ikatoka 1987. Yaani hata Waingereza iliwabidi wahesabu ndipo wajue wanavyosema.

"Night and day" ipo, ila "day and night" ndiyo utakayoikuta zaidi. Sisi tunaanza na usiku. Kwetu suala ni la kufa na kupona, kwao ni "life and death", uhai umetangulia. Kwetu ni baba na mama, kwao "mum and dad". Ukigeuza mpangilio hukosei sarufi, lakini sentensi inachechemea, na mwenye lugha ataisikia kabla hajajua kwa nini.

*Shule ya mwanangu huwavisha kibao watoto wanaoongea Kiswahili. Je, na nyumbani tuongee Kiingereza tu ili apate mazoea? – Mama, Njombe*

Hapana, mama. Kibao hicho nilikivaa mimi pia nikiwa na miaka kumi na moja, na kilichonifundisha ni kunyamaza. Mtoto anayejua kwamba kula kiapo hakuhitaji sahani, kwamba kula hasara hakushibishi na kula njama hufanywa gizani, ameshajua jinsi maneno yanavyochaguana. Atakwenda kutafuta hayohayo kwenye Kiingereza. Mkiongea naye Kiingereza chenu cha "open the radio" mezani, atakikariri kwa upendo, na kitu kilichokaririwa kwa upendo ni kigumu kukifuta. Ongeeni Kiswahili kizuri, na Kibena kama mnacho. Kiingereza msomeeni kitabu cha hadithi, kimoja kilekile hata mara ishirini. Na huyo mwalimu wa kibao muulizeni, kwa heshima, kama husema "discuss about".

*Kilele cha Loleza ni "tall" au "high"? – Msomaji, Mwanjelwa*

"High". "Tall" ni mtu, mti na jengo. Na ukungu uliokifunika asubuhi hii ni "thick".