Lupu si mtindo, na miondoko ni ya mwili

SWALI: Napiga gitaa na kuimba peke yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa pedali inayonasa nilichopiga na kukirudia. MC alinitambulisha kuwa napiga "miondoko ya lupu". Je, hilo ni jina la aina ya muziki? Na lupu, yaani hicho kipande kinachonaswa na kurudiwa, kwa Kiswahili ni kitanzi au mzunguko?

JIBU: Ndugu yangu, neno linaloniudhi hapo si lupu. Ni miondoko.

Miondoko ni wingi wa mwondoko, kutoka ondoka: namna mtu anavyotembea au kuusogeza mwili. Twiga ana mwondoko wake, bibi harusi anayeingia ukumbini ana wake. Siku hizi kila muziki ni miondoko: ya rege, ya injili, ya Bongo Fleva. Anayecheza walau mwili unasogea. Wewe umekaa kitini, gitaa pajani, macho kwenye taa ya pedali. Unakanyaga mara moja, kunasa kunaanza. Unapiga mizunguko minne ya mapigo manne, yaani mapigo 16; kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, hizo ni sekunde 10 kamili. Unakanyaga tena pale pale pigo la 17 linapoangukia, lupu inafunga. Ukichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, lupu inakuwa ya sekunde 10.1, na ikizunguka mara sita dhidi ya mashine ya ngoma umeachwa nyuma karibu pigo zima. Kazi yote hiyo imo masikioni na kwenye kisigino. Ukisha kufunga vizuri, gitaa linaendelea kulia nawe umetulia tuli unakunywa maji. Miondoko iko wapi hapo? MC alikuwa na maneno mawili safi, mtindo na aina, akayaruka yote mawili.

Sasa lupu. Lupu ni mbinu, na mbinu moja huzaa muziki usiofanana hata kidogo. Mwaka 1973 kule Bronx, New York, DJ Kool Herc alirefusha kipande cha ngoma kwa santuri mbili, na hip hop ikaota hapo. Mwaka huo huo wanamuziki wa Uingereza, Robert Fripp na Brian Eno, walitoa albamu yenye gitaa lililopitishwa kwenye mashine mbili za tepu, ukanda ukitoka moja kuingia nyingine. Baadaye mbinu hiyo ya Fripp ikabatizwa Frippertronics, jina lenye sahihi ya mwenyewe. Kisha vijana wa uswahilini Dar es Salaam wakakata vipande vya taarabu, wakavikimbiza hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, wakapata singeli. Wote wametumia lupu. Ukiwaweka watatu hao chini ya bango la "muziki wa lupu", msikilizaji hajaambiwa lolote.

Wanamuziki wetu wa dansi walilijua hili mapema. Bendi ya DDC Mlimani Park waliuita mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Hakuna aliyeuita muziki wa amplifaya, ingawa bila amplifaya gitaa lisingesikika. Nawe fanya vivyo hivyo: kama mapigo yako yametoka kwenye ing'oma ya Wanyakyusa, au gitaa lako linafuata nyuzi za ligombo la Wahehe, jina lako liko huko, haliko kwenye pedali.

Kitanzi ukiache. Ni cha kunyongea na kutegea, na ukilitaja kliniki wanaelewa uzazi wa mpango. Mzunguko ni neno zuri, ila wapigaji wanalitumia tayari kuhesabia mapigo manne manne, kama nilivyofanya hapo juu, na ukisema "lupu ya mizunguko minne" unayahitaji yote mawili. Kiitikio nacho sicho, kwa kuwa kiitikio huimbwa upya kila kinapofika, na lupu ni ile ile sauti moja iliyonaswa. Studio zimeshalikubali neno lupu. Nami nalikubali, lupu hii, lupu hizi. Kitenzi kisiwe "kulupisha". Tunacho kuzungusha: zungusha gitaa, ongeza sauti juu yake.

Tangazo lijalo mpe MC likiwa limeandikwa: "Gitaa na sauti, mpigaji mmoja, kwa lupu." Jina la mtindo litangulie, ukishalipata.