Maswali ya Wasomaji: Chama cha Msalaba Mwekundu, Nyumbani na Ugenini

Safu ya mwezi huu tumeitenga kwa jambo moja. Wasomaji wengi wametuandikia kuhusu vyama vya kitaifa vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu: fedha zao zinakwenda wapi, wanatumwa na nani, na kwa nini wahudumu wao huonekana leo katika mafuriko ya humu nchini na kesho katika nchi ya mbali. Tumechagua barua sita na kuzifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Chama chetu cha kitaifa kilitangaza mchango kwa ajili ya waathirika wa tetemeko la ardhi katika nchi nyingine, na wakati huohuo kuna wananchi wenzetu ambao nyumba zao zimesombwa na maji. Kwa nini tusimalize ya kwetu kwanza? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Swali lako ni la haki, Mwalimu, na mtu anayeuliza fedha zake zinakwenda wapi hapaswi kushukiwa kwamba hana huruma. Nianze na hesabu. Chama kinapotangaza mchango kwa ajili ya maafa fulani, fedha zinazopatikana kwa wito huo huwa zimefungwa kwa kazi hiyo. Kuzihamishia kwingine, hata kwa jambo jema, ni kuvunja ahadi iliyotolewa kwa aliyechanga. Kwa hiyo mchango wa tetemeko la ugenini hauchotwi kutoka katika fungu la mafuriko ya nyumbani, ingawa ni kweli kwamba mfuko wa mtoaji ni mmoja, na kilichotolewa kwa huyu huenda kisimfikie yule. Hapo ndipo una haki ya kukidai chama chako kiyatangaze maafa ya nyumbani kwa bidii ileile, kwa sababu mafuriko ya kijiji kisichojulikana mara nyingi hayapigwi picha wala hayasomwi katika taarifa ya habari.

Hata hivyo, mpaka kati ya nyumbani na ugenini ni mwembamba zaidi katika kazi yenyewe kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Chama cha kitaifa hakijiingizi katika nchi ya wenzake na kuanza kugawa misaada. Kila nchi huwa na chama kimoja tu kinachotambuliwa, na vyama vya nje huja kwa makubaliano nacho, mara nyingi kupitia Shirikisho la Kimataifa lililoundwa mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hii ina maana kwamba wanaotangulia kufukua kifusi, kufunga majeraha na kuorodhesha kaya zilizokosa makazi ni wenyeji, na baadhi yao huwa wamepoteza nyumba zao wenyewe. Fedha na vifaa vya kutoka nje huongeza nguvu katika mikono hiyo.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa janga la Ebola lililozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone kati ya mwaka 2014 na 2016, na kuua zaidi ya watu 11,000. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola huambukiza vikali, kwa hiyo desturi ya kuosha na kugusa mwili wa marehemu iliueneza ugonjwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kazi ya kuzika kwa usalama, na kwa heshima anayostahili marehemu, ilibebwa kwa sehemu kubwa na wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa nchi hizo, ambao baadhi yao walitengwa na majirani na hata na jamaa zao kwa hofu kwamba wangeleta ugonjwa nyumbani. Vyama vya nchi nyingine vilichangia mavazi ya kinga, mafunzo, magari na fedha. Lakini kuingia katika nyumba ya wafiwa, kuketi nao, kuwaeleza kwa lugha yao kwa nini hawawezi kumwosha mama yao, na kuwaachia nafasi ya kumwombea, hiyo ilikuwa kazi ya mwenyeji, na hakuna kiasi cha fedha ambacho kingeifanya badala yake.

Ndiyo maana naamini kwamba chama kisicho na matawi hai kwao hakina cha maana cha kupeleka ugenini. Ukitaka kukipima chama chako, usianze na taarifa yake ya kazi za nje. Nenda kwenye tawi la karibu na uulize mara ya mwisho lilifundisha lini huduma ya kwanza, wahudumu wake ni wangapi, na kama linazo namba zao za simu zinazopatikana.

SWALI: Chama hiki kina sheria yake iliyopitishwa na bunge, na mkuu wa nchi ndiye mlezi wake. Kwa nini basi kinajiita huru? Kwangu mimi hiyo ni idara ya serikali. (Mwanafunzi wa sheria)

JIBU: Si idara ya serikali, na pia si shirika lisilo la kiserikali la kawaida. Hadhi yake ni ya msaidizi wa mamlaka za umma katika kazi za kibinadamu, na asili ya hadhi hiyo ni uwanja wa vita. Tarehe 24 Juni 1859, huko Solferino, kaskazini mwa Italia, jeshi la Austria lilipigana na majeshi ya Ufaransa na Sardinia, na takriban watu 40,000 wakauawa au kujeruhiwa. Mfanyabiashara wa Geneva, Henry Dunant, aliyekuwa akipita kwa shughuli zake, alikuta majeruhi wamelazwa makanisani bila tabibu wa kutosha, akashirikiana na wanawake wa mji wa Castiglione kuwahudumia bila kuuliza nani alipigania upande gani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1862 alipendekeza mambo mawili: kila nchi iunde, wakati wa amani, chama cha watu wa kujitolea watakaosaidia tiba za jeshi vitani, na mataifa yakubaliane kuwalinda watu hao. Pendekezo la pili lilizaa Mkataba wa Geneva wa tarehe 22 Agosti 1864. La kwanza lilizaa vyama vya kitaifa, ambavyo leo ni zaidi ya 190.

Utaona basi kwamba chama hakiwezi kufanya kazi hii bila serikali kukitambua, maana nani mwingine atakiruhusu kuvuka kizuizi cha askari? Lakini misingi saba iliyopitishwa Vienna mwaka 1965, ikiwa ni pamoja na kutopendelea, kutoegemea upande wowote na uhuru, inakitaka kibaki na uwezo wa kusema hapana. Kwa maoni yangu huo ndio mtihani mgumu kuliko yote, na hautahiniwi siku ya vita peke yake. Siku ambayo nafasi za uongozi wa tawi zinagawiwa kama zawadi ya siasa, mhudumu wa kawaida hupoteza kinga yake: akibisha hodi katika mtaa unaomuunga mkono mpinzani, ataonekana mjumbe wa chama tawala, na majeruhi atafichwa.

SWALI: Tulikusanya nguo nyingi na dawa kwa ajili ya wahanga wa kimbunga katika nchi nyingine, lakini ofisi ya chama ikakataa kuzipokea na kutuambia tutoe fedha. Tulivunjika moyo sana. (Kikundi cha akina mama)

JIBU: Poleni sana, kina mama. Kukataliwa zawadi kunauma, na naona ofisi hiyo ingewaeleza sababu kwa upole badala ya kuwarudisha mlangoni. Sababu zenyewe lakini ni nzito. Baada ya maafa, bandari, viwanja vya ndege na barabara zilizosalia huwa na nafasi ndogo mno, na kila shehena isiyohitajika huzuia inayohitajika. Nguo zikifika zimechanganyika, mtu lazima azichambue, azipange kwa ukubwa na azihifadhi, na mtu huyo angekuwa anachimba vyoo au anasafisha maji. Kwa dawa hatari ni kubwa zaidi. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulipokea dawa tani kwa tani, nyingi zikiwa na maelezo katika lugha ambazo wauguzi wa huko hawakuweza kuzisoma, na sehemu yake ikalazimika kuteketezwa kwa gharama.

Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada vinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, chanzo cha maji kisizidi mita 500 kutoka anapoishi, na choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Hayo yananunuliwa kwa fedha. Na pale ambapo masoko bado yanafanya kazi, vyama vingi sasa huwapa walioathirika fedha taslimu moja kwa moja, ili mama aamue mwenyewe kama leo anahitaji zaidi unga, dawa ya mtoto au nauli, na mfanyabiashara wa huko auze badala ya kufilisika mbele ya bidhaa za bure. Nguo zenu uzeni, na fedha zitakazopatikana zitafika mbali kuliko nguo zenyewe.

SWALI: Kaka yangu aliondoka miaka kadhaa iliyopita kutafuta maisha ng'ambo, akipitia njia ya jangwani na baharini. Hatujasikia neno lolote. Mama yetu ni mzee na kila siku anamuulizia. Nimeambiwa Msalaba Mwekundu hutafuta watu. Ni kweli? (Dada mwenye uchungu)

JIBU: Ni kweli, dada yangu, na pole kwa mzigo huo. Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1914, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua mjini Geneva ofisi ya kufuatilia wafungwa wa vita, ambayo iliandika kadi zipatazo milioni 7 ili kila mama, mke au mtoto aliyeuliza apate jibu. Leo kazi hiyo huwafikia pia waliotenganishwa na maafa na wahamiaji waliopotea njiani.

Nenda katika makao makuu au tawi la chama cha nchi yako na uombe huduma ya kuunganisha familia. Haina malipo, na yeyote anayekudai fedha kwa kazi hiyo mwogope. Chukua majina yote aliyotumia kaka yako, pamoja na lakabu, mwaka na mahali alipozaliwa, majina ya wazazi, picha, tarehe na mahali pa mawasiliano ya mwisho, na majina ya alioondoka nao kama unayajua. Ombi lako litapelekwa kwa vyama vya nchi alizopitia, na wahudumu wa huko wataanza kuuliza kambini, hospitalini, magerezani na katika kumbukumbu za waliozikwa. Akipatikana yu hai, ataulizwa kwanza kama anakubali mjulishwe alipo, kwa kuwa naye ana haki yake.

Sitakuficha kwamba mara nyingi jibu huchelewa, na mara nyingine haliji, au linakuja lile ambalo hakuna anayelitaka. Hata hivyo familia nyingi husema kwamba kutojua ndiko kunakotesa zaidi. Usimwahidi mama kwamba atapatikana. Mwambie tu kwamba anatafutwa, na kwamba jina lake limeandikwa mahali ambapo halitasahauliwa.

SWALI: Nimefungua duka la dawa na nikachora msalaba mwekundu mlangoni. Mteja mmoja amenionya kwamba ni kosa. (Mwuza dawa)

JIBU: Mteja wako yuko sahihi. Msalaba mwekundu, hilali nyekundu na fuwele nyekundu, iliyoongezwa kwa itifaki ya mwaka 2005, ni alama za ulinzi vitani, na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inazitaka nchi wanachama kuzuia zisitumiwe ovyo. Paka mlango wako msalaba wa kijani.

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye cheti na nataka kutumwa nje ya nchi kusaidia pindi maafa yatakapotokea. Nianzie wapi? (Muuguzi kijana)

JIBU: Anzia kwenu. Baadhi ya vyama huweka tayari hospitali za muda, mitambo ya kusafisha maji na vikosi vya usafirishaji ambavyo huweza kuondoka kwa taarifa fupi, lakini watu wa vikosi hivyo huchaguliwa na kufunzwa kabla ya maafa, kutoka katika orodha ya waliokwisha kujulikana kwa kazi yao. Jiunge na tawi, shiriki katika uchangiaji damu, chanjo na mafunzo ya huduma ya kwanza, ukaone kama unaweza kufanya kazi usiku kucha chini ya kiongozi usiyempenda bila kupoteza upole kwa mgonjwa. Jifunze lugha ya pili inayotumika kimataifa. Watu wanaopanda ndege peke yao kwa moyo mwema na kufika bila mwenyeji wala makazi huwa mzigo kwa waliowafuata kuwasaidia, maana wanakula chakula na kunywa maji ya eneo lisilo navyo.

Na utakapoitwa, kabla ya kutia sahihi, uliza bima yako inagharamia nini, nani atakuondoa ukijeruhiwa, na kama kuna mshauri wa kuzungumza naye ukirejea kutoka katika mambo ambayo si kila mtu nyumbani ataweza kuyasikiliza. Chama makini kitakuwa na majibu hayo kwa maandishi. Kama hayapo, omba yaandikwe kwanza.