Siku ya Akina Baba haina tarehe moja

Umeuliza kama Siku ya Akina Baba huwa kila tarehe 19 Juni. Hapana. Ni Jumapili ya tatu ya Juni, kwa hiyo huangukia popote kati ya 15 na 21. Hiyo 19 nadhani umeitoa kwenye sherehe ya kwanza ya Spokane, Marekani, mwaka 1910. Mwanamke aliyeianzisha, Sonora Smart Dodd, alitaka kumshukuru baba yake, askari wa zamani aliyebaki na watoto sita baada ya mkewe kufariki, akawalea mwenyewe. Na mzee alikuwa bado hai, afadhali alishukuriwa akisikia. Ila Italia, Hispania na Ureno wanaadhimisha 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo kama mzee wako anaishi huko usingoje Juni.