Nguvu iko kwa mtu: jibu la mchonga fimbo wa Changamwe

Mwenye uzi ameuliza: katika ulimwengu wa Harry Potter, yule mvulana mchawi wa vitabuni, nguvu ya uchawi hukaa wapi? Kwenye neno, kwenye fimbo, au ndani ya mtu? Wengi waliojibu wameshikilia neno, na ushahidi wao ni lile somo la Profesa Flitwick katika kitabu cha kwanza, anapowaonya wanafunzi kuhusu mchawi Baruffio aliyekosea herufi moja tu akajikuta chali sakafuni, nyati kamlalia kifuani. Mimi nasema nguvu iko kwa mtu. Ila njia ninayofikia hapo inapitia karakana, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Nachonga vinyago hapa Changamwe. Kazi kubwa ni wanyama wa kuuzia watalii, lakini kwa muda sasa vijana wa Mombasa wanaosoma vitabu hivi wamekuwa wakija kuniagiza fimbo za uchawi. Kila mmoja hunieleza anataka fimbo ya nani na kwa nini, tena kwa hoja nzito, mpaka nikaona siwezi kuwachongea kitu nisichokijua. Ndipo nikavisoma vitabu vyote saba, na bado navirudia.

Sasa tazameni jambo hili. Tunao mafundi hodari wa kuchonga kifaru ambao hawajawahi kumwona kifaru akitembea. Mkono unajua. Fundi alifundishwa na fundi, naye akafundishwa na mwingine: gogo likatwe urefu gani, tezo ianzie wapi, pembe iachiwe unene gani isije ikavunjika kwenye msasa. Ukizifuata hatua hizo unapata kifaru, hata kama mawazo yako yako kwenye karo ya mtoto. Lakini kila umbo lilikuwa na mtu wa kwanza. Sisi wachongaji wa Kikamba asili yetu huelezwa kwa Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hii Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akarudi nayo Wamunyu. Aliyebuni umbo ndiye aliyehangaika na mti. Waliofuata walipokea njia iliyokwisha kukatwa.

Kwa macho hayo, lile tamko la uchawi liitwalo Sectumsempra linaeleweka. Watu wanaosema nia ndiyo kila kitu hulikwepa, na hawapaswi. Katika kitabu cha sita, cha mwaka 2005, Harry analikuta limeandikwa pembeni mwa ukurasa wa kitabu cha zamani, na maelezo yake ni kwamba ni la maadui, basi. Hajui linafanya nini. Analitamka mbele ya Draco Malfoy, mwanafunzi mwenzake na hasimu wake, na Draco anachanika uso na kifua, damu inamtoka kama maji. Harry mwenyewe anashikwa na hofu. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu tamko jingine la kitabu hicho, Levicorpus, bila hata kufungua mdomo, bila kujua matokeo, na rafiki yake Ron akaning'inia hewani mguu mmoja juu. Kama nia ya mtamkaji ndiyo inayokata, ile damu ilitoka wapi?

Ilitoka kwa Snape, mwalimu wa Harry na mwenye kitabu kile cha zamani. Yeye ndiye aliyeyabuni matamko hayo akiwa mwanafunzi, na chuki na makusudi yake aliyatia humo tangu mwanzo. Harry alifuata mkono wa fundi mwingine. Nguvu ilikuwa yake Harry, kwa sababu mtu wa kawaida angelitamka mpaka koo likauke na Draco asipate hata mkwaruzo, lakini umbo lilikuwa la Snape. Ndiyo maana matamshi yana maana: herufi ni hatua, na ukiruka hatua kifaru kinatoka kitu kingine. Baruffio hakukosa nguvu. Alikata pasipostahili kukatwa.

Lakini kuna kazi ambazo haziendi kwa hatua za kukariri. Mteja akiniletea picha ya marehemu baba yake nimchongee sura, hakuna fundi aliyenitangulia kwenye uso ule. Lazima niutazame, niuelewe, nimjue kidogo mtu yule. Nikifanya haraka natoa uso wa mtu yeyote, na mwenyewe huona mara moja kwamba siye. Patronus, uchawi wa kujikinga, iko upande huu. Maneno yake Harry aliyajua tangu somo la kwanza kwa mwalimu wake Lupin, lakini bila kumbukumbu ya furaha ya kweli alipata ukungu tu. Laana zile tatu zisizosameheka nazo ni hivyohivyo. Yule aliyejifanya mwalimu Moody aliwaambia wanafunzi kwamba darasa zima lingeweza kumwelekezea fimbo na kutamka laana ya kuua, na yeye asingetokwa hata na damu ya pua. Na adui yake Bellatrix, katika kitabu cha tano, anamwambia Harry wazi kwamba lazima utake kweli kumuumiza mtu. Hapo huwezi kuazima nia ya aliyebuni. Unaitoa kwako au huipati.

Wanaosema nguvu iko kwenye damu, yaani ukoo, nitawapita haraka. Hermione, rafiki wa Harry na mchawi hodari, ni binti wa madaktari wa meno wa kawaida, na Filch, mtunzaji wa shule yao, amezaliwa na wachawi akatoka mikono mitupu, bila uchawi.

Tuje kwenye fimbo yenyewe. Ollivander, muuza fimbo, anasema fimbo ndiyo inayomchagua mchawi, na wengi huona haya ni maneno ya kupamba duka. Mimi nayaamini kabisa, kwa sababu ya patasi. Patasi ya mwenzangu inakata, lakini mpini wake umelika kwa kiganja chake, makali yake yamenolewa kwa pembe anayoipenda yeye, na mkono wangu unapigana nayo siku nzima. Neville, mwanafunzi mwenzao Harry, aliisumbukia fimbo ya baba yake miaka mitano, watu wakimwona hana akili. Ilipovunjika akapata yake, akawa mtu mwingine. Harry naye, katika kitabu cha saba, aliteseka na ile fimbo ya mti wa miiba aliyoletewa na Ron. Hermione akamwambia tatizo ni kujiamini. Hapo Hermione alikosea, na nasema hivyo nikimheshimu sana: Harry hakuwa ameitwaa fimbo ile kwa kumshinda mwenye nayo. Alipomnyang'anya Draco yake, kazi ikawa nyepesi.

Hata hivyo patasi haichongi peke yake. Dobby, kiumbe mtumishi, hana fimbo, na hutokea na kutoweka ndani ya Hogwarts, shule ya Harry, jambo ambalo wachawi wakubwa hawawezi. Harry alimfurisha shangazi Marge kama puto kwa hasira tu. Na kwetu Afrika, Rowling, mwandishi wa vitabu hivi, aliandika mwaka 2016 kuhusu shule ya Uagadou, kwenye Milima ya Mwezi kule Uganda, kwamba fimbo ni kitu cha Ulaya. Wachawi wa huku waliipokea karne iliyopita kama chombo cha kusaidia, na matamko mengi bado hufanywa kwa kunyoosha kidole au ishara ya mkono. Nashangaa hakuna aliyetaja hili mpaka sasa, nasi ndio majirani wa milima hiyo.

Vijana wakiniuliza nichonge ya mti gani, wengi wanataka mpingo, kwa weusi wake na uzito wake. Ukiutia majini unazama. Lakini mpingo hukua polepole mno na umekatwa sana, ndiyo sababu wengi wetu tumehamia mwarobaini. Nawaambia fimbo ya Mombasa ni ya mwarobaini.

Kinachonikera bado ni kitu kimoja. Fimbo ya Harry ya mti wa holly ilipovunjika, Reparo, tamko la kuunga vilivyovunjika, ya Hermione ilishindwa. Mwishoni Harry anaiunga kwa Fimbo ya Elder, ile yenye nguvu kuliko zote, kwa neno lilelile. Ikiwa nguvu iko kwa mtu, mbona chombo ndicho kilicholeta tofauti? Jibu langu la sasa ni kwamba Harry alikuwa bwana halali wa Fimbo ya Elder na pia wa ile ya holly, na Hermione hakuwa bwana wa ile iliyovunjika. Anayekumbuka tukio lolote vitabuni ambapo mtu ameunga kabisa fimbo isiyo yake, alilete hapa.