Maswali na Majibu: Mchezo wa Jukwaani Unapofika kwenye Ukumbi wa Sinema

Kati ya barua tulizopokea kutoka Nyanda za Juu Kusini, tatu zinahusu jambo moja, yaani michezo ya jukwaani iliyorekodiwa na kuoneshwa kwa watu waliokusanyika ukumbini. Nimeona ni vyema nizijibu pamoja, ingawa ya kwanza ndiyo itakayochukua nafasi kubwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninafundisha Fasihi kidato cha tano na cha sita hapa Uyole, Mbeya. Hivi karibuni tuliwapeleka wanafunzi wetu mjini, kwenye ukumbi uliokodiwa, wakaoneshwa mchezo wa Shakespeare, Macbeth, uliorekodiwa jukwaani nchini Uingereza. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona tamthiliya ikichezwa. Wamezisoma vitabuni tu. Walilalamika kwamba waigizaji wanapaza sauti mno na kwamba mandhari ni yale yale tangu mwanzo, na ulipofika wakati wa mapumziko baadhi yao walitoka nje wakidhani mchezo umekwisha. Mwenzangu mmoja anasema tuliwapotezea watoto muda, kwa kuwa kile si filamu wala si mchezo wa jukwaani. Je, tulitazama kitu gani, na kinapaswa kutazamwaje?
Mwalimu wa Fasihi, Uyole

JIBU: Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa safari hiyo. Mwenzako ameona ugumu wa kweli, lakini hitimisho lake silikubali. Mlichokitazama ni mchezo wa jukwaani uliochezwa mbele ya watu waliokaa kwenye viti vyao, na kamera zikawekwa miongoni mwao. Kuwapo kwa watu hao ndiko kunakoutofautisha na filamu. Filamu hupigwa kwa vipande, mara nyingi tukio la mwisho likitangulia la kwanza, na mwigizaji akikosea hurudia mpaka mwongozaji aridhike. Jukwaani pazia likishafunguliwa hakuna kurudi nyuma. Mwigizaji husikia kikohozi cha mtu wa safu ya tatu, husubiri kicheko kitulie kabla ya kuendelea, na hutambua kwa masikio yake iwapo watu wamemfuata au wamemwacha.

Malalamiko kuhusu sauti yanatokana na hapo. Mwigizaji wa jukwaani haongei na kamera iliyo karibu na uso wake. Anaongea na mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, naye ana wajibu kwake. Kamera inapomsogelea mtu wa namna hiyo, mikono yake huonekana mikubwa na sauti yake nzito kuliko tulivyozoea. Wanafunzi wako wamelelewa na kitu kingine. Siku hizi ukisema neno “tamthiliya” nyumbani, watoto hukimbilia televisheni kusubiri kipande cha leo cha hadithi ya Kituruki au ya Kifilipino iliyotiwa sauti za Kiswahili, na huko mtu hunong’ona akasikika. Ningeanza kwa kuwaeleza kwamba neno hilo katika mtaala wao lina maana ya kale zaidi.

Mtindo huu wa kuonesha nao una historia yake. Mwaka 1964, Hamlet iliyochezwa na Richard Burton mjini New York, chini ya uongozaji wa John Gielgud, ilirekodiwa mbele ya watazamaji na kuoneshwa katika majumba ya sinema ya Marekani kwa siku mbili tu. Tarehe 30 Desemba 2006, Metropolitan Opera ya New York ilianza kurusha maonesho yake moja kwa moja kwenye kumbi za sinema, na tarehe 25 Juni 2009 National Theatre ya London ikafuata kwa kurusha Phèdre, Helen Mirren akiwa mhusika mkuu. Zingatia kwamba Phèdre ni mchezo wa Mfaransa Racine, na siku ile ulichezwa kwa tafsiri ya Kiingereza ya Ted Hughes. Ikiwa London yenyewe ilianza kazi hii kwa tafsiri, wanafunzi wa Uyole hawana sababu ya kuona haya wanapohitaji Kiswahili ili waingie ndani ya Shakespeare. S. S. Mushi alitupatia Makbeth tangu mwaka 1968, na kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kutupatia Juliasi Kaizari mwaka 1963. Laiti darasa lingesoma Makbeth kwa sauti, kwa kugawana wahusika, wiki mbili kabla ya safari, naamini wachache sana wangetoka nje.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwenzako angeweza kulitumia kutetea hoja yake, nalo ni jicho. Mtu aliyekaa ukumbini ana uhuru wa kutazama popote. Kumbuka karamu ya Macbeth, pale mzimu wa Banquo, rafiki aliyeuawa kwa amri yake, unapoketi kwenye kiti cha Macbeth na hakuna mwingine anayeuona. Ukiwa ukumbini unaweza kumtazama Macbeth anavyotetemeka, au wageni wanavyopeana macho, au mke wake anavyojikaza kuficha aibu ya nyumba yake. Watu kumi waliokaa safu moja wanaweza kurudi nyumbani na karamu kumi. Katika mchezo uliorekodiwa, mtu mmoja aliyekaa mbele ya skrini nyingi ndogo ameshakuchagulia. Hasara hiyo ni ya kweli, na sitaki kuipunguza. Lakini kwa mwalimu hasara hiyo ni somo kamili. Waulize wanafunzi kamera ilikuwa kwa nani wakati mzimu unaingia, wao wangemtazama nani, na kwa nini. Mwanafunzi anayeweza kujibu swali hilo ameanza kuelewa kwamba tamthiliya ni watu walio mahali pamoja kwa wakati mmoja, si mistari ya mazungumzo peke yake, na hilo ni gumu kumfundisha kwa kitabu pekee.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda sana. Mwaka 2011 National Theatre ilicheza Frankenstein, ikiongozwa na Danny Boyle, ambamo Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller walikuwa wakibadilishana: leo huyu ni Frankenstein mwanasayansi na yule ni kiumbe alichokiunda, kesho kinyume chake. Namna zote mbili zilirekodiwa. Maneno ni yale yale, jukwaa ni lile lile, lakini ni michezo miwili. Kwa hiyo unapowaonesha wanafunzi Macbeth, waambie kwamba wanaona Macbeth wa usiku fulani na wa kundi fulani, na kwamba wao wenyewe wangeweza kumcheza kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu mandhari yasiyobadilika sina mengi ya kusema. Jukwaa humwomba mtazamaji ajenge msitu na ngome kichwani mwake, kama bibi alivyotuomba tufanye alipotusimulia ngano jikoni.

Safari ijayo, shughulikieni sauti kabla ya picha. Watu wengi wanaokodi ukumbi huhangaikia projekta na shuka nyeupe, kisha spika wanaziazima dakika ya mwisho kwa mpiga muziki wa harusi, naye huziweka besi juu kwa mazoea yake. Mara baada ya mauaji ya Mfalme Duncan kuna mlango unaogongwa, tena na tena, na hofu yote ya tukio lile imebebwa na kugonga huko. Kama spika zinavuma, wanafunzi wamesikia kelele tu. Kaeni viti vya nyuma, sikilizeni dakika kumi za mwanzo, na mkikosa neno moja katika kila sentensi basi rekebisheni kabla watoto hawajaingia. Mwishowe, mtu asimame mbele na kutangaza kwamba kutakuwa na mapumziko, yatakuwa ya muda gani, na kwamba nusu ya pili inafuata. Mapumziko msiyaondoe, mchezo ulijengwa ukiyategemea, na maneno wanafunzi wanayoambiana wakiwa wameshika vikombe vya chai katika baridi ya Mbeya ni sehemu ya kuutazama.

SWALI: Mimi nina kibanda umiza hapa Makambako, ambapo kwa kawaida naonesha mpira na filamu. Kijana mmoja wa chuo ameniambia kuna michezo ya jukwaani mizuri kwenye intaneti, na kwamba nikilipia mwezi mmoja naweza kuionesha kwa kiingilio. Je, ni halali?
Mwenye kibanda, Makambako

JIBU: Ndugu yangu, nafurahi kwamba umeuliza kwanza. Malipo ya mwezi anayoyasema kijana huyo ni ya mtu kutazama nyumbani kwake, na hayampi mtu haki ya kuonesha hadharani, sembuse kwa kiingilio. Haki ya kuonesha hadharani huombwa peke yake kwa mwenye kazi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoianzisha COSOTA, yaani taasisi ya hakimiliki nchini, inawalinda hata waandishi na waigizaji walio mbali nasi. Vilevile kumbuka kwamba nchini kwetu filamu na michezo ya kuigiza viliwekwa chini ya sheria moja, Na. 4 ya mwaka 1976, na maonesho ya hadhara yanahitaji kibali. Anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako. Ushauri wangu wa dhati ni kwamba utafute vikundi vya maigizo vilivyo karibu nawe, uombe ruhusa yao ya maandishi, na ukubaliane nao kiasi watakachopata katika kiingilio. Watu wanaojazana kibandani kwako kutazama mpira wanajua tayari kukaa pamoja na kupiga kelele pamoja kwa jambo wanalolijali, na jukwaa linahitaji watu wa aina hiyo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Sisi ni kikundi cha vijana wa Njombe. Tumefanya mazoezi ya Kinjeketile kwa muda mrefu na tunataka kuicheza, tuirekodi, kisha tuioneshe shuleni na vijijini. Tuna kamera moja ya kuazima na simu mbili. Tufanyeje ili isionekane kama video ya sherehe?
Kikundi cha maigizo, Njombe

JIBU: Marahaba, vijana wangu. Barua yenu imenigusa, kwa sababu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inasimulia vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilivyofika mpaka Ubena, kwenye ardhi mnayoikanyaga. Kijana wa Njombe anapomcheza Kinjeketile aliyefungwa, akikataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo ili wajukuu wasije wakaambiwa babu zao walikosea kupigana, maneno hayo yana uzito ambao mwigizaji wa mbali angeutafuta kwa shida.

Kwanza ombeni ruhusa kwa mwandishi kupitia mchapishaji. Hata kwa Shakespeare jambo hili lina mtego wake: yeye alifariki mwaka 1616 na kazi zake ziko huru, lakini Mabepari wa Venisi ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na kwa sheria yetu hakimiliki huendelea miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Mwalimu alifariki mwaka 1999.

Kamera iwekeni nyuma ya watazamaji, juu kidogo ya vichwa vyao, kwenye stendi imara, ikiliona jukwaa zima tangu mwanzo hadi mwisho, na asiwepo wa kuigusa. Hiyo ndiyo itakayowaokoa kila simu zitakapokosea. Simu moja ikae kushoto na nyingine kulia, zote mbili kiwango chao cha mwanga kikiwa kimefungwa kisibadilike, kwa sababu simu ikiachwa ijiamulie hung’arisha picha kila jukwaa linapotiwa giza, na usiku mlioutengeneza kwa jasho hugeuka asubuhi. Msiwaambie waigizaji wapunguze ishara kwa ajili ya kamera. Wacheze kwa ajili ya watu waliopo, na ninyi mziweke simu mbali vya kutosha ili ishara hizo zipate nafasi yake. Mkiweza, chezeni siku mbili mfululizo na kurekodi zote mbili, ya kwanza kwa picha pana na ya pili kwa nyuso.

Sauti rekodini peke yake, kwa kinasa sauti au simu ya tatu iliyowekwa ukingoni mwa jukwaa na kufunikwa kitambaa chepesi. Chagueni msimu kwa makini: mvua ikigonga bati la ukumbi hamtasikia hata neno moja, hivyo lengeni kati ya Juni na Oktoba. Juni na Julai baridi yenu itawakohoza watazamaji, lakini kikohozi kinavumilika. Wakati wa kuhariri, msiikate hotuba katikati ili kuonesha uso mwingine. Subirini mtu amalize wazo lake, kisha ndipo mbadilishe picha.

Mkimaliza, wekeni nakala tatu katika sehemu tatu tofauti, moja ikiwa nje ya Njombe. Nimetaja hapo juu Hamlet ya mwaka 1964. Nakala zake zilitakiwa kuharibiwa baada ya siku zile mbili, na tunaweza kuitazama leo kwa sababu Burton alibaki na nakala yake nyumbani, ikaja kupatikana baada ya kifo chake. Mwanzoni mwa video andikeni tarehe, ukumbi, na jina la kila aliyeshiriki, mkianza na waigizaji, kisha walioshona mavazi, kisha wapiga ngoma.